Mvinyo Mweupe au Chungwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Virutubisho Vyake

Maswali haya hurudi kila panapozungumzwa lishe, hasa pale mtu anaposema kwamba mvinyo nao ni matunda. Hesabu zote hapa ni za gramu 100 za kile kinacholiwa au kunywewa, isipokuwa pale tuliposema vingine, na zinafuata jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA). Chungwa la shambani kwako linaweza kuzidi au kupungua kidogo, na mvinyo nao hutofautiana chupa kwa chupa. Majibu hayabadiliki kwa sababu hiyo.

## Mambo ya msingi

1. Kuna maana gani kulinganisha kinywaji na tunda?

Ipo, kwa sababu watu wengi wana hesabu hii kichwani: zabibu ni tunda, mvinyo umetoka kwenye zabibu, basi glasi yangu ni tunda. Hesabu hiyo inaharibika kwenye pipa. Hamira inapokula sukari ya zabibu hutoa kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki si juisi tena. Kwa mvinyo mweupe kuna jambo la ziada: zabibu hukamuliwa mapema na maganda kutengwa kabla ya kuchachuka, kwa hiyo hata vilivyomo kwenye ganda havipati muda wa kuingia kwenye kinywaji.

2. Kwa tarakimu, vinatofautianaje?

Anza na la kushangaza: maji ni karibu sawa. Chungwa lina gramu 86.8 za maji, mvinyo mweupe gramu 86.9. Magnesi pia ni sawa, miligramu 10 kila upande. Ugomvi wote uko kwenye zile gramu 13 zilizobaki.

Ndani ya chungwa, gramu hizo ni wanga karibu 11.8 (humo sukari 9.4 na nyuzinyuzi 2.4) na protini kama gramu 0.9. Juu yake kuna vitamini C miligramu 53, potasiamu 181, kalisi 40 na foleti (vitamini ya kundi B) mikrogramu 30. Jumla ni kalori 47. Ndani ya mvinyo mweupe wa mezani, gramu 10.3 ni kilevi chenyewe. Wanga ni 2.6, sukari haifiki gramu 1, nyuzinyuzi hakuna, protini ni ya kutafuta kwa tochi, vitamini C hakuna, potasiamu 71, kalisi 9. Jumla ni kalori 82.

3. Glasi moja ya mvinyo ni sawa na machungwa mangapi?

Kwa kalori, mawili. Glasi ya mililita 150 ina kalori 121 hivi, na chungwa la wastani, gramu 131 likishamenywa, lina 62. Chupa nzima ya mililita 750 hutoa glasi tano, yaani kalori 600 na ushei, ambazo ni machungwa kumi.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kusema ukweli. Mtu akila machungwa kumi kwa mkao mmoja watu watamuuliza kama ni mzima. Chupa moja, wawili wanaimaliza wakisubiri chakula kiive, kisha wanakula chakula chenyewe kama kawaida. Kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna. Tena tumehesabu kwa glasi ya mililita 150. Glasi kubwa ya nyumbani ikijazwa inabeba zaidi ya hapo, na hakuna anayepima.

4. Kama sukari ya mvinyo ni kidogo, kalori zake zinatoka wapi?

Kwenye kilevi. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta 9, ya kilevi 7. Zidisha 10.3 kwa 7 upate kama 72, yaani karibu kalori zote 82 za mvinyo mweupe. Mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi, kwa hiyo ini hulazimika kukishughulikia kwanza, na mafuta yaliyokuwa yachomwe yanasubiri zamu. Hizi ndizo kalori ambazo wataalamu wa lishe huziita tupu: zinakuja peke yao, bila vitamini wala nyuzinyuzi.

## Sukari, uzito na juisi

5. Napunguza mwili. Mvinyo si bora, maana chungwa lina sukari mara kumi?

Swali hili linaulizwa sana, na aliyeuliza hajakosea tarakimu. Gramu 9.4 dhidi ya gramu moja, ni kweli. Ila sukari ya mvinyo haikupotea bure: iligeuka kilevi, ambacho kwa kila gramu kina kalori nyingi kuliko sukari. Kusifu mvinyo kwa kukosa sukari ni kusahau ilikokwenda.

Sukari ya chungwa iko ndani ya vijifuko vya nyama ya tunda pamoja na nyuzinyuzi, inaingia mwilini taratibu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2015 wa kupunguza sukari chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, halikuihesabu sukari ya tunda zima. Lililengwa fungu la sukari ya kuongezwa, asali, sharubati na juisi. Anayepunguza mwili ale chungwa lake bila woga.

6. Mvinyo mkavu, nusu mtamu, mtamu: tofauti ni kubwa?

Kubwa. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita (unaruhusiwa kufika 9 ukiwa na uchachu wa kutosha), na mtamu unaanzia gramu 45 kwa lita. Mvinyo wa kitindamlo, ule mzito wa glasi ndogo, hufika kalori 160 kwa gramu 100, karibu maradufu ya mweupe wa mezani.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Mvinyo mwingi mweupe unaonyweka Afrika Mashariki hutoka Afrika Kusini, na Dodoma nayo inalima zabibu za Chenin Blanc miongoni mwa aina nyingine. Zabibu hiyo inatoa mkavu na mtamu vilevile, kwa hiyo jina la zabibu halikwambii chochote kuhusu sukari. Soma neno la utamu kwenye chupa. Ukionja sukari kwenye mvinyo, jua basi una kilevi na sukari kwa pamoja, na hoja ya swali la 5 imekufa kabisa.

7. Na juisi ya machungwa?

Juisi ina vitamini C karibu sawa na tunda, miligramu 50 hivi, na kalori 45. Iliyopotea ni nyuzinyuzi: kutoka gramu 2.4 hadi 0.2. Glasi ya mililita 240 ina sukari kama gramu 21, nayo inamezwa kwa dakika moja. Si sumu, ila si tunda zima, na ile ya kuongezewa sukari ya mezani ni soda yenye vitamini.

8. Nikinyonya chungwa na kutupa makapi, nimekula chungwa?

Umekunywa juisi. Chungwa la barabarani, lile linalomenywa kwa kisu likabaki na ngozi nyeupe na kukatwa nusu kwa nusu, wengi wetu tunalifyonza kisha nyama yote inatupwa. Vitamini C umeipata, nyuzinyuzi umezirusha mtaroni. Ile ngozi nyeupe isiyopendwa ndiyo yenye pektini (aina ya nyuzinyuzi) na hesperidini (kiini cha mimea ya jamii ya chungwa) kwa wingi. Si lazima uitafune yote, lakini nyama ya ndani imeze, na usafi wa kisu na maji ya kuoshea uuangalie kuliko unavyoiwazia vitamini inayopotea juani.

9. Nina kisukari. Kipi ni salama zaidi?

Chungwa zima, moja kwa wakati, linafaa kwa wengi wenye kisukari. Kasi yake ya kupandisha sukari iko kwenye kundi la chini. Juisi ni habari nyingine, ingawa nusu glasi ya juisi ndiyo msaada wa haraka pale sukari inaposhuka ghafla, maana inatoa wanga unaofika haraka kwenye damu.

Mvinyo mkavu haupandishi sana sukari, na hapo ndipo mtego ulipo. Ini likiwa linashughulika na kilevi, linapunguza kazi yake ya kutoa sukari kwenye damu. Anayetumia insulini au vidonge vya kundi la salfonilurea anaweza kushukiwa na sukari saa kadhaa baadaye, hata usingizini, na walio karibu wakadhani amelewa. Kwa wanaotumia metformini, pombe nyingi huongeza hatari ya asidi ya laktiki kuzidi mwilini. Zungumza na kliniki yako kabla, usisubiri baada.

## Vitamini na madini

10. Kuna vitamini C yoyote kwenye mvinyo mweupe?

Kwa jedwali, sifuri. Zabibu yenyewe ni maskini wa vitamini hii: kama miligramu 3 kwa gramu 100, dhidi ya 53 za chungwa. Kidogo hicho hupotea kwenye uchachushaji na hewa.

Kuna ubaguzi mmoja wa kiwandani. Watengenezaji wengine huongeza asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, ili mvinyo mweupe usigeuke rangi. Kwenye lebo huandikwa E300, na Ulaya kikomo chake ni miligramu 250 kwa lita. Imewekwa pale ili imezwe na oksijeni badala ya mvinyo, kwa hiyo inapungua kadiri chupa inavyokaa. Usiihesabu kama lishe.

11. Chungwa moja linatosha kwa siku?

Karibu. Chungwa la wastani lina miligramu 70 za vitamini C. Kwa vipimo vya Marekani mwanamke mzima anahitaji 75 kwa siku na mwanamume 90, mvutaji sigara 35 zaidi. WHO na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) waliweka 45 tu. Ukiongeza mchicha, pilipili hoho, papai au pera, umevuka bila kujisumbua.

Ulinganisho wa mvinyo na chungwa, kwa kweli, ulishafanyika baharini kabla hatujajua vitamini ni nini. Meli za Wareno zilibeba mvinyo wa kutosha, na bado mabaharia walivimba fizi na kung'oka meno kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, na habari za safari yenyewe zinasema wagonjwa wake walipata nafuu hapo. Januari 1499, wakirudi kutoka India hoi, walitia nanga Malindi na wagonjwa wakatamani machungwa kuliko kitu kingine. Yaliletwa, ila wengi walikuwa wamechelewa, wakafia pale. Mwaka 1747 daktari James Lind, kwenye meli ya Uingereza iitwayo Salisbury, aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili na kuwapa vitu tofauti. Waliopewa machungwa mawili na limau kila siku ndio waliopona upesi.

12. Jedwali linaonyesha mvinyo una madini chuma mengi kuliko chungwa. Ni kweli?

Ni kweli na haisaidii. Mvinyo mweupe una miligramu 0.27, chungwa 0.10. Glasi nzima inakupa kama 0.4, wakati mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa anahitaji 18 kwa siku. Hakuna atakayetibu upungufu wa damu kwa njia hiyo.

Kazi ya chungwa kwenye madini chuma ni ya nje ya jedwali. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini chuma ya mimea: ya maharage, kunde, mchicha, matembele. Ukila ugali kwa maharage na chungwa pembeni, unavuna zaidi kutoka kwenye maharage yale yale. Chai ya rangi wakati huo huo hufanya kinyume, kwa hiyo iache isubiri saa moja.

13. Vipi potasiamu na foleti?

Chungwa la wastani lina potasiamu miligramu 237, glasi ya mvinyo mweupe 104. WHO inashauri angalau 3,510 kwa siku, kwa hiyo hata chungwa ni mchango tu, ndizi na viazi viko pale pale. Kwenye foleti pengo ni baya zaidi, kwa sababu pombe ikinywewa sana huzuia mwili kuifyonza hata ile iliyotoka kwenye vyakula vingine.

Wenye figo zilizochoka, hasa wanaosafishwa damu, huambiwa wapunguze potasiamu. Kwao chungwa ni la kuulizia.

14. Machungwa yetu ni ya kijani. Yana vitamini pungufu?

Hapana. Ganda hugeuka rangi ya njano usiku unapokuwa wa baridi na rangi ya kijani ikavunjika. Muheza mkoani Tanga usiku hauna baridi ya namna hiyo, na chungwa linaiva likiwa kijani, tamu kabisa. Yale ya njano tupu yanayotoka nje mara nyingine yamepitishwa kwenye gesi ya ethilini ili yapate rangi dukani. Pima kwa uzito mkononi: zito kwa ukubwa wake lina maji.

## Afya kwa upana

15. Si tulisikia glasi moja kwa siku ni nzuri kwa moyo?

Mlisikia, na chanzo kinajulikana. Mnamo mwaka 1991 mtafiti Serge Renaud alieleza kwenye televisheni ya Marekani kwamba Wafaransa wanakula mafuta mengi na bado hawafi sana kwa moyo, akautaja mvinyo kuwa sababu. Mazungumzo yale yalihusu mvinyo mwekundu. Viini vilivyosifiwa kwa moyo, resveratroli na wenzake, viko kwenye ganda la zabibu, na mweupe, kama tulivyosema kwenye swali la 1, hauna muda na ganda.

Tangu hapo hoja yenyewe imedhoofika. Tafiti nyingi za zamani ziliweka kwenye kundi la "wasiokunywa" watu walioacha pombe kwa sababu walishaugua, kwa hiyo wanywaji wa kiasi wakaonekana wazima kuliko walivyo. Wakala wa utafiti wa saratani wa WHO uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Inahusishwa na saratani za kinywa, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Januari 2023 WHO ilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Uingereza inawashauri wanaokunywa wasivuke yuniti 14 kwa wiki. Glasi yetu ya mililita 150 ina karibu yuniti mbili.

16. Mimi situmii pombe kabisa, kwa dini yangu. Kuna kirutubisho ninachokosa?

Hakuna hata kimoja.

17. Nina mimba. Glasi ndogo ya sherehe?

Usinywe. Kilevi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa hakidhuru. Jimbo la Western Cape la Afrika Kusini, kitovu cha mvinyo wa nchi hiyo, ni miongoni mwa maeneo yenye watoto wengi zaidi duniani walioathirika na pombe tumboni. Mizizi yake ni pamoja na mtindo wa zamani wa kuwalipa vibarua wa mashamba sehemu ya ujira kwa mvinyo, mtindo ambao baadaye ulipigwa marufuku.

Chungwa linafaa kwa mjamzito, kwa foleti na kwa sababu ya swali la 12. Halichukui nafasi ya vidonge vya foliki asidi na madini chuma vya kliniki.

## Maswali ya pembeni

18. Nikitia vipande vya chungwa kwenye mvinyo, je?

Hiyo ni sangria ya mvinyo mweupe. Ukila vipande, umepata vipande. Kilevi hakipungui kwa sababu kina tunda juu, na wapishi wengi huongeza sukari na pombe kali humo. Tena vile vipande vimelowa kilevi, usimwachie mtoto akavila.

19. Chungwa au limau huondoa ulevi?

Hapana. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa, na glasi moja ina kama gramu 15. Muda ndio dawa pekee. Asubuhi yake chungwa linasaidia kurudisha maji na sukari kidogo, jambo jema, lakini aliyelewa na akala machungwa matatu bado asishike usukani.

20. Mvinyo usio na kilevi unalingana na chungwa?

Kwa kalori unashuka sana, maana kilichobeba kalori kimeondolewa. Wengi huongezewa sukari ili kurudisha ladha, kwa hiyo geuza chupa usome. Vitamini C na nyuzinyuzi bado hakuna. Nyingi huruhusiwa kubaki na hadi asilimia 0.5 ya kilevi. Kwa Muislamu, uhalali wake ni swali la kumpelekea sheikh, mtaalamu wa lishe halimhusu.

21. Kuna mvinyo wanauita wa rangi ya chungwa. Umetengenezwa kwa machungwa?

La. Ni zabibu nyeupe zilizochachushwa pamoja na maganda yake, ndipo zikapata rangi hiyo. Georgia, nchi ya Kaukasi, wamekuwa wakifanya hivyo tangu kale kwenye mitungi mikubwa ya udongo iitwayo qvevri, na UNESCO iliuingiza ujuzi huo kwenye orodha ya urithi mwaka 2013. Una viini vingi vya ganda kuliko mweupe wa kawaida. Vitamini za chungwa hauna.

22. Nikichachusha machungwa yangu mwenyewe, nitapata mvinyo wenye vitamini?

Utapata kinywaji chepesi kwanza. Inahitajika karibu gramu 17 za sukari kwa lita ili kupata asilimia moja ya kilevi. Juisi ya zabibu ya mvinyo huwa na gramu 200 au zaidi, ya chungwa haifiki 100. Ndiyo maana watengenezaji wa mvinyo wa matunda huongeza sukari, na kalori zinapanda nayo. Vitamini C fulani inaweza kubaki, ila umelipa sukari yote ya tunda na nyuzinyuzi zake ili kuipata. Kula chungwa.

23. Kilevi si kinaisha nikipikia mvinyo?

Hakiishi chote. Kwa vipimo vya USDA, mvinyo uliochemka ndani ya mchuzi kwa dakika 15 hubaki na kama asilimia 40 ya kilevi, kwa saa moja asilimia 25, kwa saa mbili na nusu asilimia 5. Anayepikia wageni wasiotumia pombe aache kabisa. Maji ya ndimu yanaleta uchachu ule ule kwenye samaki.

24. Vipi meno?

Vyote viwili vina asidi ya kulainisha enameli, na mvinyo mweupe kwa kawaida ni mkali kidogo kuliko juisi ya chungwa. Sukutua kwa maji, piga mswaki baada ya nusu saa.

25. Natumia dawa. Kipi kinagombana nazo?

Mvinyo unagombana na nyingi: metronidazoli (wengi wanaijua kama Flagyl), dawa za usingizi, za kifafa, za kisukari (swali la 9), na parasetamoli kwa mnywaji wa kila siku, kwa ajili ya ini. Chungwa tamu halina shida hiyo. Ndugu zake ndio wenye shida: balungi na danzi huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa kama felodipini na simvastatini, na dawa ikazidi kwenye damu. Mwambie mfamasia ukinywa juisi ya balungi, hata kama hakuuliza.

26. Kwa nini chupa ya mvinyo haina jedwali la virutubisho kama juisi ya boksi?

Kwa sababu sheria za nchi nyingi ziliiachilia pombe. Umoja wa Ulaya umebadilika: mvinyo uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 lazima uonyeshe viambato na lishe. Kiasi cha nishati huandikwa kwenye lebo yenyewe kwa alama ya E, mengine yanaweza kuwa nyuma ya msimbo wa kuskani kwa simu. Sheria nyingine ya huko huko inakataza kabisa kudai faida za kiafya kwenye kinywaji chenye kilevi kinachozidi asilimia 1.2, kwa hiyo chupa ya Ulaya ikikuambia ni nzuri kwa moyo, imevunja sheria.

Ukikosa jedwali, jikokotolee. Zidisha mililita za glasi kwa asilimia ya kilevi, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.79 upate gramu za kilevi, kisha zidisha kwa 7. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 12 inatoa gramu 14.2, yaani kalori 100 hivi za kilevi peke yake. Ukiwa mtamu, ongeza kalori 4 kwa kila gramu ya sukari.